Cheti Kimefika Haraka

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikono, na jina lenyewe alilipata kazini. Alipokuwa nesi wa wodi ya watoto, hakuna aliyegusa kitanda cha mgonjwa wake kabla ya kusikia sauti yake ikitoka upande wa pili wa wodi: "Mikono!" Daktari bingwa alinawa. Mfagiaji alinawa. Baba mmoja aliyekuja mbio kutoka harusini, na suti yake ya kuazima, alinawa mpaka viwiko vikalowa. Alipostaafu alirudi nyumbani na jina hilo, pamoja na miguu inayovimba na ugonjwa wa kutoweza kukaa bure.

Ndiyo akaanza kufundisha yaya. Ilianza kwa jirani aliyemwomba amwelekeze msichana wake namna ya kumwogesha kichanga, yule jirani akamwambia dada yake, dada akamwambia shoga yake, na kabla hajajijua Mama Mikono alikuwa na darasa. Kila Jumamosi alisukuma makochi mpaka ukutani, akatandika shuka sakafuni na kupanga midoli juu yake. Mdoli mmoja alikuwa na jicho moja tu, na huyo ndiye aliyempenda kuliko wote kwa sababu wanafunzi walimwogopa.

Alifundisha kuogesha, kulaza, kupima joto. Lakini palipofika suala la mtoto kupaliwa, mwanamke huyo aligeuka simba. Mtoto akipaliwa, alisema, hupati hata nafasi ya kuita jirani. Unamlaza kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, unampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Maji humpi. Kidole huingizi kooni kupapasapapasa. Aliwarudisha hapo hapo mpaka wakamchukia. Aliyekosea aliambiwa waziwazi kwamba ameshamuua mdoli, arudi wiki ijayo kumfufua. Na cheti hakumpa mtu mpaka aone anafanya bila kufikiri.

Kazi nzuri, ila ilikuwa haimpatii hata ya sabuni ya kufulia zile shuka. Binti yake wa pekee alikuwa amerudi kukaa naye baada ya kampuni alikokuwa mhasibu kupunguza wafanyakazi, na hakuwa mtu wa kutazama hasara ikipita mbele yake.

"Mama, lazima uyatangaze haya mafunzo."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alijibu Mama Mikono.

"Kizuri chajiuza kikiwa sokoni. Wewe chako umekifungia sebuleni."

Mama mtu akacheka, na kwa binti huyo kicheko kilikuwa ruhusa. Wiki ile ile mafunzo yalipata ukurasa wao kwenye duka la mtandaoni, lile ambako watu hununua viatu na sufuria bila kutoka kitandani. Kati ya kandambili za kiume na jiko la umeme, Mama Mikono akatokea akiwa amempakata mdoli wa jicho moja, chini yake kukiwa na bei na kitufe cha kujiandikisha.

Tatizo ni kwamba duka lile lilijua bidhaa tu. Bidhaa hutoka kwa muuzaji, hufika kwa mnunuzi, mnunuzi anabonyeza "Nimepokea", na hapo ndipo muuzaji hulipwa. Sasa aliyejiandikisha leo kwa darasa la mwezi ujao angepokea nini? Hakubonyeza kitu, fedha zikakwama, na duka likatuma onyo kwamba muuzaji huyu anachelewesha mizigo. Likaja onyo la pili. Binti akakuna kichwa kama wahasibu wanavyokuna, akapata dawa: kitakachopokelewa kiwe cheti. Mtu akijiandikisha na kulipa, cheti kinamfikia kwenye simu papo hapo, kikiwa na jina la mwanafunzi na sahihi ya mwalimu iliyopigwa picha. Angebonyeza "Nimepokea", na darasa angelikuta mbele ya safari.

Alimweleza mama yake haya yote mama akiwa anaosha vyombo. Mama Mikono, ambaye kwenye simu alijua kupokea na kugomba tu, alisikia nusu, na nusu ile akaiitikia. "Fanya unavyoona, mwanangu."

Basi wakaanza kujiandikisha kama mvua. Paa lililokuwa linavuja likazibwa. Binti akanunua kitanda chake mwenyewe, akaacha kulala kwenye kochi kama mgeni aliyekosa gari. Na zile nyota! Kila jioni alimsomea mama yake maneno ya wateja: "Nyota tano, cheti kimefika haraka." "Muuzaji mwaminifu, nitarudi tena." Mama Mikono alijikuna shingo kwa raha. Hakujiuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyelisifu somo.

Alichojiuliza ni kwa nini sebule yake haijai. Waliojiandikisha walikuwa wengi, ila Jumamosi walikuja wale wale wachache.

"Wengine wako wapi?"

"Watu wavivu, Mama. Mbona wengi hulipia mazoezi ya viungo wasiende? Wao wamelipa, sisi tuna kosa gani?"

Jibu halikumkaa vizuri, lakini juu ya kichwa chake palikuwa na paa jipya, na mtu mwenye paa jipya huwa mwepesi kuridhika. Mimi simtetei. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja alikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vya miguu. Mwanamke kijana aliyevaa nguo za ofisini akamtazama, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Si wewe Mama Mikono? Shikamoo mama! Yaya wangu umemfundisha wewe. Naenda kazini roho yangu imetulia kabisa, Mungu akubariki."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi nimwone?"

Yaya alikuwa kwenye benchi, na mtoto mnene begani akitafuna kola ya blauzi yake. Bosi alipogeukia dirisha kulipia, Mama Mikono akakaa karibu naye. Aliutafuta uso ule katika nyuso zote za sebuleni kwake, na hakuupata. Yaya naye alimwamkia kwa adabu, kama mtu amwamkiavyo bibi yeyote asiyemjua.

"Hunijui?"

"Hapana, bibi. Samahani."

"Mimi ndiye mwenye cheti chako."

Yaya akayashusha macho. Alimkumbatia mtoto kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Wakala aliyetutafutia kazi ndiye aliyetupa zile karatasi," alinong'ona. "Akasema tukiulizwa, tuseme tumesoma. Bibi, usiniharibie, nakuomba. Nina mama yangu mgonjwa nyumbani."

"Sikuharibii. Niambie tu. Huyu akipaliwa, utamfanyaje?"

Yaya akafurahi kuulizwa swali analolijua. "Nampa maji," alisema.

Bosi aliporudi, Mama Mikono alimwambia palepale, mbele ya muuza dawa, kwamba kile cheti si kitu, kwamba yaya huyu hana kosa lolote, na kwamba Jumamosi wote wawili waje nyumbani kwake, na mtoto wao. Vidonge vya miguu vilibaki kaunta.

Nyumbani palichimbika. "Umeuza jina langu!" alifoka kabla hata hajavua viatu. "Umewauzia watu mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe lina sahihi yangu!"

"Nilikuambia, Mama! Nilikueleza hapo hapo jikoni, ukasema nifanye ninavyoona!"

"Ulinieleza mambo ya vitufe!"

"Ndiyo hivyo hivyo vitufe!" Binti alikuwa analia, kwa hasira na kwa kitu kingine pia. "Nilidhani ni uvivu tu, ipo siku watakuja. Nani ananunua karatasi tupu? Nilidhani cheti kitawangoja tu kwenye simu mpaka wamalize."

Na hilo lilikuwa kweli. Binti yule alikuwa mtoto wa mama yake, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayetaka karatasi bila kilichomo. Walikaa pamoja wakafungua oda, wakazipitia moja moja. Sehemu kubwa ilikuwa ya mnunuzi mmoja tu, yule wakala. Majina ya wasichana aliyaingiza mwenyewe, akabonyeza "Nimepokea" mwenyewe, na zile nyota tano zilizomfurahisha Mama Mikono jioni nyingi alizitoa yeye.

Wakampigia. Alipokea kwa uchangamfu wa mfanyabiashara.

"Mama, tatizo liko wapi? Nimenunua, nimepokea, nimekusifu. Hata duka lenyewe linasema oda imekamilika."

"Wale wasichana hawajui kitu! Watoto wa watu watakufa!"

"Mama yangu, wazazi hawataki yaya anayejua, wanataka yaya mwenye cheti. Mimi nawapa wanachokitaka. Na usisahau kwamba hicho cheti sikukichapa mimi." Akakata simu kwa upole, na huo upole ndio uliomuumiza zaidi.

Asubuhi Mama Mikono alimwambia binti yake aondoe mafunzo dukani, na mahali pake aweke tangazo. Binti akasema duka litawafungia, na jina likichafuka mtandaoni hakuna sabuni ya kulisafisha. Mama akamjibu kwamba jina limeshachafuka, watu tu ndio hawajapelekewa habari. Akamsomea maneno, binti akaandika huku anajifuta pua: cheti chochote kilichotoka kwenye duka hili hakithibitishi kwamba aliyenacho amefundishwa, mwenye yaya mwenye cheti cha namna hiyo amlete Jumamosi yoyote, atafundishwa bure, namba ya simu ni hii. Binti alikitazama kitufe cha kutuma muda mrefu. Akakibonyeza.

Tangazo likaruka kutoka kundi moja la akina mama hadi jingine, na matusi yakafika kabla ya watu. Tapeli. Bibi mchawi wa vyeti. Mmoja aliuliza kama hata huo unesi aliununua dukani. Duka likaufunga ukurasa, na lile jiko la umeme likabaki limepakana na kandambili. Jumamosi, hata hivyo, yule yaya wa duka la dawa alikuja na bosi wake, pamoja na wengine kadhaa wasiotazamana usoni. Mama Mikono aliwafundisha bila mzaha hata mmoja, mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeambiwa kwamba ameua mdoli. Binti alipoona hivyo, alijua mama yake anaumwa, na ugonjwa wenyewe si wa miguu.

Kesho yake asubuhi, akiwa uani anafua zile shuka, simu ikalia. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyejiandaa kabla ya kupiga.

"Wewe ndiye Mama Mikono? Nimesoma tangazo lako. Ni kweli mtu anaweza kuwa na cheti chako na asijue kitu?"

"Ni kweli, mwanangu. Nisamehe."

Mwanamke yule akaanza kusimulia. Mwezi uliopita mwanawe alipaliwa na kipande cha karoti. Yaya akampa maji. Mtoto akageuka rangi, jirani mwenye gari akawakimbiza hospitali.

"Amepona?" Mama Mikono alijikuta ameshakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Amepona. Anakimbia nyumba nzima. Sikupiga kwa ajili yake." Sauti ikaanza kukatika. "Yule dada alilia sana siku ile. Alinipigia magoti akasema hakujua, hajawahi kufundishwa hilo. Mimi nikamletea cheti usoni. Nikamwambia, hili hapa jina lako, hii hapa sahihi ya mwalimu wako. Ulifundishwa, ulijua la kufanya, basi ulikusudia kuniulia mtoto. Nilimwita muuaji mbele ya majirani. Nikalitupa begi lake nje. Picha yake nikaituma kwenye makundi yote ya akina mama, asipate kazi popote. Na yeye ndiye aliyemlea mwanangu tangu ana wiki mbili. Mtoto kila asubuhi anakwenda mlangoni kumngoja."

Bomba la maji lilikuwa wazi na Mama Mikono hakukumbuka kulifunga.

"Namtafuta nimwombe radhi. Simu yake haipatikani. Wakala anasema hana habari naye. Basi leo nikasema nikupigie wewe. Labda hilo la kupaliwa halikumwingia, lakini cheti kinasema alihudhuria masomo yote. Umekaa naye Jumamosi zote hizo, mama, na wasichana huzungumza wakiwa darasani. Lazima alikutajia kwao ni wapi. Nielekeze tu, nitakwenda mwenyewe, hata kama ni mbali."

Katika miaka yake ya wodi Mama Mikono aliwapa wazazi wengi habari mbaya, na siku zote alipata la kuwaambia. Sasa alilitafuta neno asilione. Binti yake alikuwa ametoka nje na kusimama mlangoni, akimtazama.

"Mama, upo? Wewe si ndiye mwalimu wake?"

"Mwanangu," alisema mwishowe, "huyo binti mimi sijawahi kumwona."