Ua Chini ya Diski

Kila asubuhi, kabla hata hajatua mkoba, aliigusa kompyuta ya karakana ubavuni kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Ndipo alipoiwasha. Fundi wa mashine ya kutarizi, mtu wa maneno mengi, hakuacha kumwuliza:

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Salama. Anasema usimshike na mikono yako ya mafuta."

Pale karakanani walimwita Bi Funguo. Hata ufunguo mmoja hakuwa nao. Mlango wa mbele aliufungua tajiri mwenyewe. Jina lilitokana na diski. Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux, maana tajiri alipoambiwa ni wa bure hakuuliza swali la pili. Diski yake ilikuwa na vipande viwili. Kimoja cha mfumo wenyewe, cha pili cha michoro: nembo za shule, majina ya timu, maua ya mashuka, yote ambayo mashine husoma kabla sindano hazijaanza kudonoa kitambaa. Kipande hicho cha pili kilimtii mtumiaji mkuu peke yake, na neno la siri la mtumiaji mkuu lilikaa kichwani mwa Bi Funguo. Mwingine akigusa, anaambiwa hana ruhusa. Basi kutwa nzima ilikuwa, "Bi Funguo, nifungulie nembo," "Bi Funguo, nihifadhie ua hili."

Hakuwa na roho mbaya. Zamani kipande kile kilikuwa wazi kwa kila mtu, mpaka mfanyakazi mmoja akafuta nembo ya shule akidhani ni takataka zake, na sare zikakaa mezani vifua vitupu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bi Funguo akafunga, na kufunga kukawa kazi. Tena, tuseme kweli, kuitwa kulimpendeza. Nyumbani hakukuwa na wa kumwita tena. Mumewe alishatangulia, na binti aliolewa mbali, safari ya kutwa kwa basi.

Binti huyo alipojifungua, akamtaka mama yake aende akae naye. Kukaa, si kutembea. Bi Funguo akakubali. Tajiri naye akakubali, shingo upande.

"Nenda, dada. Ila uache michoro inafunguka. Mashine zikisimama, hapa patakuwa matanga."

Akajitahidi. Akawaweka wafanyakazi wote katika kundi moja ndani ya kompyuta, ili kundi lipewe ruhusa. Sasa, kompyuta ile haifungui kipande cha diski hewani. Hukipachika juu ya folda, na anayeifungua folda hujikuta ndani ya diski. Bi Funguo, kwa woga wa kuharibu michoro, alikichomoa kwanza kipande, akabaki na folda tupu, akalipa kundi ruhusa ya folda hiyo. Akaingia kwa jina la fundi, fundi akitazama, akachora ua dogo la majani matatu, akalihifadhi. Kompyuta ikakubali. Akaizima kompyuta, akaaga, akaenda zake kituo cha basi.

Alikuwa amekalia begi lake, tiketi mkononi, simu ilipolia.

"Bi Funguo," fundi akasema, safari hii bila utani. "Tumeiwasha. Imegoma. Na ua lako silioni."

Akarudi na begi. Kipande kilikuwa kimejipachika chenyewe kompyuta ilipowaka, na kilikuwa kimefungwa kama zamani. Akatoa ruhusa upya kwa njia ileile, na upya ikapotea. Siku zikapita. Moyoni ikamjia fikra ambayo hakumwambia mtu, kwamba kompyuta inajua. Inamkatalia kwa sababu yeye mwenyewe hataki kweli kuachana na watu hawa. Asubuhi aliendelea kuigusa ubavuni, ila sasa alichelewa kuuondoa mkono.

"Mama," binti akamwambia kwenye simu, "mtoto anacheka sasa. Nikimwonyesha simu anajua ndiyo bibi yake. Usipokuja, ataanza kuisalimia chaja."

Walicheka wote wawili. Bi Funguo alipokata simu, kicheko kilimwisha haraka kuliko alivyotaka.

Siku moja fundi alikuwa akipima mashuka ya nyumba ya wageni. Alichora alama ya chaki katikati ya shuka, akaenda kufuata fremu ya mashine. Aliporudi, akainama, akazunguka meza.

"Nani kafuta alama yangu?"

"Hakuna aliyefuta," akajibu dada wa kukata nyuzi, hata hakuinua macho. "Nimetandika shuka jingine juu. Yako iko chini palepale."

"Nimechora kwa jasho, mwanamke."

"Jasho lako liko chini pia. Funua."

Watu wakacheka. Bi Funguo hakucheka. Alimtazama fundi akifunua shuka la juu, na alama ya chaki ikatokea, nyeupe, haijaguswa.

Akageukia kompyuta. Akakichomoa kipande cha michoro kama alivyofanya zamani, akaifungua folda. Ua lake la majani matatu lilikuwepo. Siku zote hizo lilikuwa pale, chini ya diski, kwenye folda tupu ambayo aliwapa watu ruhusa ya kuiingia kabla diski haijatandikwa juu yake. Kompyuta haikujua lolote juu ya moyo wake. Alikuwa ametia alama shuka la chini.

Aliliangalia ua kidogo, akaliacha.

Safari hii alikipachika kipande kwanza. Kisha, kikiwa kimeshakaa juu, akalipa kundi ruhusa ya humo ndani, na kuagiza kila mchoro mpya uzaliwe wa kundi, usiwe wa aliyeuchora peke yake. Michoro yote akainakili kwenye diski ya pembeni, ili mkono wa mtu ukiteleza tena, sare zisikae vifua vitupu. Akaizima kompyuta, akaiwasha.

"Fundi, njoo. Kaa hapa."

"Mimi? Na mafuta haya?"

"Jifute, ukae."

Fundi akaingia kwa jina lake. Bi Funguo akasimama nyuma, mikono ameikunja ili isimponyoke. Fundi akafungua nembo ya shule, akahifadhi mchoro mpya, akafungua tena. Akageuka.

"Imefunguka," akasema, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta haukufungwa. Kisha, taratibu: "Sasa wewe tutakuita nani?"

"Mtaniita mkinikumbuka."

Lilibaki neno la siri. Akamwita tajiri aandike jipya, lake mwenyewe. Tajiri alipoanza kubonyeza herufi, Bi Funguo akageuza uso ukutani. Hakutaka kulijua.

Asubuhi iliyofuata aliingia na begi kuaga. Kompyuta ilikuwa imeshawashwa na mtu mwingine. Mkono wake ulinyanyuka kuelekea ubavuni, ukaishia kushika begi.

"Mgonjwa ameamkaje?" akamwuliza fundi.

"Mzima," fundi akasema, macho kwenye mchoro. "Nenda, dada yangu. Basi halisubiri."

Akatoka. Njiani kuelekea kituoni aliishika simu mkononi. Nyuma yake mashine zilikuwa zikidonoa, zote kwa pamoja, mpaka kelele za barabara zikazifunika. Simu haikulia. Akapanda basi, na karakana ile hakuikanyaga tena.