Kamera Niliyoipenda kwa Picha Tu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua kamera ya video kwa uzuri wa picha, bila kuuliza betri inadumu saa ngapi. Nilitoka nayo Handeni kwa furaha, nikarekodi harusi huko Magoma tangu biharusi anapambwa asubuhi. Alasiri bibi yake alipoingia akicheza, kanga za kumtunza mjukuu mkononi, betri ya mwisho ikaisha. Kwa aibu nikajifanya naendelea kurekodi, hata nikapaza sauti, "Bibi, rudia kidogo!"

Akarudia, na magoti yake mabovu, kisha akanijia.

"Haya mjukuu wangu, nionyeshe nilivyocheza."

Nikamgeuzia kioo cha kamera, cheusi.

"Mbona najiona uso tu, tena sichezi?"

Uwanja mzima ukacheka.

Siku hizi naulizia betri kwanza, picha baadaye.