Nilivyoshukia Paa la Jiko la Mama Mkwe

Kuna watu kati ya Malava na Shianda ambao hawajui jina langu, wananiita Kikapu tu, na nimeacha kuwasahihisha, maana ukimsahihisha mtu atataka kujua jina hilo lilitoka wapi, na kila nikieleza najikuta mimi ndiye mjinga wa hadithi. Basi wacha nieleze mara moja, tumalizane.

Baba yangu ana miti ya avokado ya kienyeji, ile mirefu ya zamani ambayo matunda yake mazuri yanakaa juu kabisa kana kwamba yanamkimbia mwenyewe. Mwaka huo alianguka kutoka kwenye mmoja wao akavunjika mfupa wa bega, na kabla bega halijapona tulimkuta ameegemeza ngazi kwenye mti mwingine, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni. Ndipo yeye na majirani wake wakakubaliana kununua kwa pamoja lori kuukuu lenye mkono na kikapu, kama yale ya mafundi wa stima, ili mtu avune na kupogoa akiwa amesimama mahali imara. Kazi ya kulichagua nilipewa mimi, kwa sababu nilisoma chuo kikuu (nilisomea uchumi, lakini kijijini ukishasoma umesomea kila kitu) na kwa sababu, kwa maneno ya Baba, sijawahi kuamini jambo kwa kuambiwa. Nikapewa pia Khotsa Shikuku, ndugu wa mama yangu, aliyewahi kuendesha matrekta ya miwa, anisindikize.

Na kulikuwa na jambo la pili. Wiki chache baadaye wazee wetu walikuwa waende Malava kwa kina Nanjala, msichana niliyetaka kumwoa, kumwomba rasmi. Nilikuwa nimefika kwao mara moja tu, kwa njia ya chini ya mtoni, nikakaa na kaka zake, na mama yake sikumwona, kwa sababu kwetu mtu na mama mkwe wake wanapeana nafasi: hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anachepuka. Nilimwuliza Nanjala sababu ya hayo yote, akasema hajui, nikamwambia basi ni mazoea tu yasiyo na maana. Akaniambia mama yake hana neno na mimi isipokuwa moja. Anasema mtu anayeuliza kila kitu hakai na mtu. Neno hilo halikunitoka, na nilijua wazee wakienda, jibu litatoka kwa huyo mama.

Lori lilikuwa kwenye uwanja wa muuzaji mmoja pale Malava, mtu mcheshi mwenye tumbo la mbele aitwaye Ambani. Nilianza kwa kuweka kiganja kwenye boneti, nikakuta joto. Nikamwuliza mbona injini ina moto na hatujaiwasha, akasema aliiwasha asubuhi ili itupokee vizuri (nilijua maana yake, gari linalowaka kwa shida asubuhi hupashwa moto kabla mnunuzi hajafika, na nilijipongeza kwa kulijua hilo). Nikauliza lilikotoka, mwenyewe aliliuza kwa nini, mbona rangi ya mkono ni mpya kuliko ya kichwa, na hiki kilichochomelewa hapa ni nini. Nikanusa oili. Nikalala chini ya lori na shati langu jeupe.

"Mtoto wa dada yangu," Khotsa akasema, "umeuliza mpaka lori limechoka."

Juu ya uwanja palipita nyaya za stima, kwa hiyo mkono haungeweza kuinuliwa pale. Ambani na Khotsa walitaka tuunyanyue nusu tu, bila mtu, tuone kama unasonga, halafu tuzungumze. Nikakataa. Nilisema sinunui lori la kunyanyua hewa, nataka kulijaribu juu ya mti wa kweli na mtu wa kweli ndani. Tukaendeshwa nyuma ya soko kwa barabara ya murram hadi mahali palipopanuka, kando ya ua mrefu wa misaiprasi, na ndani ya ua huo palikuwa na mti mkubwa wa avokado. Sikuuliza boma ni la nani. Kati ya maswali yote ya siku ile, hilo halikunijia.

Dereva akashusha ile miguu minne ya chuma inayolishikilia lori chini lisipinduke, nikaingia kikapuni, nikafunga mkanda, nikajiinua mwenyewe kwa vile vijiti vya kuendeshea. Siwezi kudanganya, ni raha. Nikavuka ua, nikazunguka hadi upande wa pili wa mti, nikachuma avokado moja kama ushahidi. Kila kitu kilifanya kazi, na hapo ndipo nilipopata wasiwasi, maana nilikuwa nimesoma mahali kwamba mkono uliochoka hujificha injini ikiwa inaunguruma, lakini ukizima injini unaanza kuzama wenyewe polepole. Nikapiga kelele wazime.

Ambani akaniambia tusiizime. Nikamwuliza kwa nini, akaangalia viatu vyake. Khotsa akauliza kwa nini nisishuke kwanza, nikamjibu kwamba nikishuka tutajuaje kama unashikilia uzito wa mtu. Wakazima.

Mkono ukasimama imara, haukushuka hata kidogo. Nilikaza macho kwenye tawi lililokuwa karibu, nikangoja, nikaridhika kabisa, na katika kimya kile cha injini nikasikia sauti za wanawake chini yangu.

Nilikuwa juu ya paa la jiko. Kando ya jiko, kwenye mkeka, mama mmoja alikuwa ameketi kichwa wazi akisukwa nywele, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na aliyekuwa akimsuka nilimtambua mara moja. Alikuwa Senge Rosa, shangazi yake Nanjala, aliyenipa chai siku ile niliyokuja kwa njia ya mtoni. Kumbe huu ulikuwa upande wa pili wa boma lile lile, na aliyekuwa akisukwa hangeweza kuwa mwingine ila mama yake Nanjala. Kabla akili haijatoa maoni, magoti yalijikunja, nikajikuta nimechutama ndani ya kikapu (mimi, niliyesema ni mazoea tu).

Upande wa barabara walijaribu kuwasha. Lori likasema tik, likanyamaza. Betri ilikuwa imekufa, na sasa nilijua joto la boneti lilikuwa linaficha nini hasa. Kulisukuma hakukuwezekana, maana ile miguu ilikuwa chini, na bila injini hainyanyuki. Nilimsikia Khotsa akiuliza iko wapi pampu ya mkono ya kumshushia mtu injini ikigoma, na Ambani akijibu, "Hiyo iliendanga kurekebishwa." Zilibaki tundu za bolti tu. Niliuliza habari za rangi, sikuuliza habari za kushuka.

Chini, yule mama hakuinua uso. Alimgeukia kuku aliyekuwa akidonoa karibu na mkeka.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie huyo aliye juu kwamba hapa chini kuna watu wazima."

"Kuku hataweza, wacha mimi," Senge Rosa akasema. "Wewe wa juu, unatafuta nini?"

Nikasema kutoka ndani ya kikapu kwamba ninajaribu lori. Nilitumaini yataishia hapo, lakini Ambani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Bwana Makokha, vumilia kidogo, betri inaletwa na boda!"

"Makokha?" Senge akasema polepole. "Wa Shianda? Wa Nanjala wetu?"

Nilifikiria kusema kwamba Makokha tuko wengi. Nikasema, "Ndiyo, Senge."

Mama akavuta leso kichwani, akainuka bila haraka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nimefukuzwa kazini na nimefeli mtihani, na hakuna lililoniuma kama sauti ya mlango ule.

Betri haikufika. Kilichofika ni mawingu, kama kila alasiri huku kwetu, na yeyote aliyekulia Kakamega anajua radi za hapa, na mimi nilikuwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote, ndani ya chuma. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Senge akaleta ngazi akasema inaweza kusimamishwa juu ya paa la jiko ikafika kikapuni. Khotsa akapinga kwa sauti kubwa, akasema mkwe hakanyagi paa la mama mkwe, wakifanya hivyo hakuna posa tena, afadhali tungoje boda. Na mimi, nakiri, nilikubaliana na Khotsa. Ngurumo ya kwanza ikapita, mimi nimeshikilia avokado yangu.

Mlango ukafunguka. Mama akasimama kizingitini, ametugeuzia mgongo, uso ameuelekeza ndani ya nyumba.

"Senge, waambie waweke ngazi. Sitaki kumzika mkwe kabla hajakuwa mkwe." Kisha, bila kuku na bila Senge, akasema, "Makokha, shuka."

Nikashuka. Mguu wangu wa kwanza ulipogusa bati la jiko lake, mbele ya nusu ya soko la Malava, lori likawaka. Boda alikuwa amefika. Khotsa alifunika uso kwa kofia, na Senge Rosa, akinishikia ngazi, akaniambia taratibu, "Na avokado ya wenyewe umebeba."

Lori tulilinunua, baada ya Ambani kuweka betri mpya na kurudisha pampu, ambayo niliijaribu nikiwa chini. Mkono wake hauzami, hilo naweza kuliapia. Baba anapanda nalo mpaka majirani wanalalamika hawapati zamu.

Wazee nao waliamua kwamba posa itaenda, ila itanguliwe na kondoo wa fidia kwa ajili ya lile paa. Siku ya posa niliketi nje kwenye benchi, jiko nikalipa mgongo, nikiwa sina swali hata moja, hadi Senge Rosa alipotoka na kuniinamia.

"Mama anauliza neno moja tu. Siku mkikwama na binti yake, utazima kwanza uone kama inashikilia?"

Tangu wakati huo bado nauliza maswali, sijapona, lakini la kwanza huwa nauliza nitashukaje, na nauliza nikiwa bado nimesimama ardhini. Kwa siku ile nilimwambia Senge arudi ndani akamwambie Mama kwamba hiyo sitaizima. Akaingia. Nikasikia kicheko cha mwanamke mmoja, kisha vikombe vya chai vikianza kupangwa.