Sauti ya Polisi Mnene

Asubuhi ile nilitoka nyumbani, mtaa wa Pasua, bila kujua naenda wapi. Nilichukua mfuko wangu wa mgongoni, ambao kwa miaka mingi ndio umekuwa kabati langu, na shemeji yangu, mjane wa kaka, aliyekuwa anafagia uwanja, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia natembea. Hakushangaa. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nimekuwa natembea tu: Tanga, Babati, Mererani, Singida, kazi ya mwezi mmoja hapa, ya wiki mbili kule. Nilitaka kuona kila mahali, na kila nikirudi nyumbani nakuta watu wamezeeka.

Safari hii nilikuta kaka hayupo kabisa. Hata arobaini yake ilikuwa imepita zamani. Majirani walinipa pole kwa aibu kidogo, kama watu wanaopokea mgeni baada ya chakula kuisha.

Kaka alikuwa mtafsiri wa filamu. Zamani mtaani kwetu kulikuwa na banda la video, mabenchi ya mbao na pazia jeusi mlangoni, na kando ya runinga alikaa yeye na kipaza sauti, akiwasemea wahusika wote kwa Kiswahili. Watafsiri wengine walipenda filamu za ngumi. Yeye alipenda vichekesho, hasa vya zamani, ambavyo rangi yake imefifia mpaka nyasi na anga vinafanana. Alichopenda kuliko vyote kilikuwa cha polisi mmoja mnene, wa nchi za mbali, anayepangiwa kulinda duka la keki akiwa na njaa. Filamu nzima yule polisi hasemi neno. Maneno yote yalikuwa ya kaka. Mkuu wake anamkuta na unga mdomoni, polisi anatoa macho, na kaka anasema kwa upole mkubwa, kama mzee wa kanzu anayetoa ushahidi barazani: "Sijala, afande. Nimeonja tu, kwa usalama wa raia." Banda zima linaanguka.

Miaka miwili ya mwisho koo lake liliugua, akawa anaongea kwa kunong'ona, halafu hata kunong'ona kukaisha. Mimi simu zangu zimepotea moja baada ya nyingine, na sauti zake alizowahi kunitumia zilipotea nazo. Lakini fundi mmoja wa mjini aliwahi kumrekodi akimtafsiri yule polisi, akaiweka kwenye sidii moja. Kaka aliandika juu yake kwa kalamu nzito: USIGUSE. Nilikuwa nimerudi kwa ajili ya hiyo sidii. Nilitaka kumsikia mara moja tu.

Siku iliyotangulia shemeji alikuwa ameniambia haipo tena. Deki yao ilikufa zamani, sidii zilijaa vumbi chini ya kitanda, na baada ya msiba hakuweza kuziangalia. Mnunuzi wa vitu chakavu alipopita akampa gunia lote. Alijua tu kwamba mtu huyo alitokea Kiboriloni. "Mimi nilijua ni sinema," alisema, akinitazama usoni. "Ungepatikana, ningekuuliza."

Kwa hiyo nilitembea, na miguu ikaelekea Kiboriloni, ingawa sikuwa nimeiagiza. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Njia nzima nilikuwa nawaza vichekesho, maana nikianza kuvifikiria siachi.

Nilivipenda kwanza dirishani kwa jirani aliyekuwa na runinga, aliyekuwa anaigeuza itazame nje ili watoto wa mtaa tukae chini tuone. Michezo ile ilikuwa na wazee wenye ndevu za pamba. Gundi ikiachia, mzee anaendelea kumgombeza mwanawe huku ameshikilia ndevu kwa mkono, na hakuna aliyesimamisha mchezo ili zibandikwe upya. Tulicheka mara mbili, kwa mchezo na kwa ndevu. Mpaka leo naamini hapo ndipo kichekesho kilipo, kwa mtu anayelinda heshima yake kwa mkono mmoja na mkono wa pili una kazi nyingine.

Halafu waigizaji wale walikuwa na subira. Mgeni mdoezi akija wakati wa chakula, alianza na salamu. Aliulizia mgonjwa, aliulizia mvua, aliulizia ng'ombe aliyezaa, na muda wote huo hatazami sufuria. Sisi ndio tuliotazama sufuria kwa niaba yake. Akija kuinua jicho, tumeshachoka kumsubiri na tunacheka kabla hajafanya kitu. Siku hizi watu wananionyesha video kwenye simu. Mtu anazabwa kibao, kicheko cha mashine kinalia, imeisha. Nimeziangalia nyingi sana, sitanii, nikitafuta. Mdomo wangu hausogei.

Ila kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye nyumba ya wageni Singida, runinga ya mapokezi ilionyesha filamu ileile ya polisi mnene, bila tafsiri. Nilikaa mbele kwa furaha, nikawaita na wengine wawili. Tuliona mtu mnene anakula keki. Anakula, anajificha, anakula. Wale wawili waliondoka, na mimi nikabaki mpaka mwisho nikisubiri ianze. Filamu yenyewe ilikuwa ya kawaida sana. Nilichokuwa nakipenda miaka yote kilikuwa kaka.

Kiboriloni, upande wa mitumba, nilimkuta jamaa anayeuza rimoti zilizokufa na spika zilizochanika. Nikamuuliza kama amewahi kupokea gunia la sidii kutoka Pasua. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mwaka huu bado kuna mtu anatafuta sidii? Chukua na redio ya mbao kabisa, ukamalizie."

Wenzake walicheka. Nikamwambia ni sauti ya marehemu kaka yangu. Akaacha utani, akakaa vizuri. Alisema gunia lilikaa pale miezi, hakuna aliyeligusa, mpaka mama mmoja wa Old Moshi anayeleta mayai siku za soko akaliomba lote. Alinielekeza nipande barabara, nipite kanisa, niulizie mama wa mayai. "Hutapotea," alisema. "Nyumba yenyewe utaiona inang'aa."

Nilipanda. Hewa ilipoa, vumbi likageuka udongo mwekundu wenye unyevu, na pande zote mbili migomba ikafunga njia. Nilikuwa na furaha, naikumbuka vizuri, na ndiyo inayoniuma. Nilitembea nikijitayarisha kucheka.

Niliiona nyumba kabla sijauliza mtu. Kwenye kihamba, shamba linalozunguka nyumba, kati ya migomba na mibuni, kamba zilikuwa zimefungwa kutoka mti hadi mti, na sidii zimetungwa humo kwa mamia, zinazunguka kwa upepo na kurusha mwanga kila upande. Chini yake vifaranga walikuwa wanachakura bila wasiwasi. Mama mmoja anayeelekea uzeeni, kitenge kiunoni na sweta la shule ambalo bila shaka lilikuwa la mtoto aliyekwisha kua, alisimama na bakuli la pumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi na vumbi lote hilo?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kuhusu mwewe. Kila asubuhi walikuwa wanamchukulia vifaranga, mpaka alipoona kwa jirani sidii zimetundikwa. Mwewe anaogopa ule mwanga. Tangu atundike zake, hajapoteza hata mmoja. Alisema hivyo kwa fahari, halafu akasikia alichokisema, akashika mdomo.

Tulizitafuta pamoja, kamba kwa kamba, tukizisimamisha kwa vidole zisizunguke. Yeye ndiye aliyeiona. Jua na mvua ya masika nzima vilikuwa vimepita juu yake. Maandishi ya kaka yalisomeka bado, lakini ile rangi ya fedha ilikuwa imebanduka vipande vipande, na nilipoiinua niliona majani ya mgomba kupitia ndani yake.

"Tuijaribu," alisema mama. "Deki ninayo. Huwa naangalia nayo kwaya."

Aliifuta kwa upindo wa kitenge, taratibu, kama anafuta uso wa mtoto. Deki iliimeza, ikanguruma, ikagonga ndani, ikanguruma tena. Runinga ilibaki ya bluu. Alizima, akawasha. Alipuliza ndani. Mara ya nne deki iliitema yenyewe.

Mvua ilianza. Mama alileta kiburu, ndizi na maharage vimepikwa pamoja, akanisukumia sahani, akaniuliza kaka alikuwa anasemaje humo ndani. Nadhani aliniuliza kwa huruma. Nikamsimulia duka la keki, mkuu wa polisi, unga mdomoni, na nikafika mahali pake. Nikasema: "Sijala, afande. Nimeonja tu, kwa usalama wa raia."

Alicheka kweli, mpaka akajifuta macho. "Huyo ni marehemu mume wangu kabisa," alisema. "Endelea."

Sikuweza kuendelea. Maneno yalikuwa yenyewe, hata pumzi kabla ya "nimeonja" niliiweka mahali pake, lakini iliyotoka ilikuwa sauti yangu, kavu, ya mtu aliyelala stendi nyingi. Nikajaribu kuisikia ya kaka kichwani, ili nijirekebishe. Polisi aliingia dukani, akavua kofia, akafungua mdomo, na aliyeongea nilikuwa mimi. Nilirudia mara kadhaa kimyakimya mbele ya ile sahani. Kila nilivyorudia ndivyo nilivyozidi kumfuta.

Mama aliona. Alisema barabara itakuwa tope na kwamba chumba cha nje, alichokuwa anampangisha mwalimu, kipo wazi tangu mwalimu ahamishwe. Alikwenda kutafuta ufunguo. Kilikuwa chumba kidogo, kitanda cha futi tatu na nusu, dirisha linatazama kihamba, harufu ya ng'ombe na ya udongo uliolowa.

"Utakaa siku ngapi?"

"Sijui, mama."

"Basi weka mfuko. Kesho utanisaidia kukata majani ya ng'ombe." Alibaki mlangoni, sidii bado ameishika mkononi. "Na hii utaondoka nayo? Au niirudishe kule?"

Nilimwangalia, nikaangalia vifaranga waliojibanza chini ya mibuni wakisubiri mvua ipungue.

"Haina kitu, mama," nikasema. "Irudishe."