Nafasi ya Bibi Melini

Jana nilipata kibarua cha kubeba magodoro ya mazoezi, na harufu yake ya mpira na jasho ikanirudisha kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule yetu kule Husby, Uswidi.

Mwalimu alikuwa amepanga mabenchi yakawa meli. Alitusimulia jinsi serikali ya Uingereza, enzi za matanga, ilivyowalipia maskini wake nauli waende Australia, wakalime ardhi iliyokuwa tayari na wenyewe. Yeye akawa ofisa, sisi wasafiri.

Maswali ya maofisa mimi niliyajua. Familia yetu iliulizwa kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, kabla serikali ya Uswidi haijatulipia ndege sote isipokuwa bibi.

"Unajua kazi gani?" mwalimu akaniuliza.

"Kulima, kukamua, kupika. Na bibi yangu ananishinda."

"Ana umri gani?"

"Sabini, lakini ana nguvu."

"Wazee hawakulipiwa," akasema kwa upole. "Wewe panda."

"Basi andika arobaini."

Darasa zima likacheka. Rafiki yangu Mkenya akaniita kutoka melini, "Wee, panda bwana! Ni mchezo tu!"

"Kwenu ni mchezo," nikamjibu. "Mimi siondoki bila yeye."

Wakang'oa nanga, wakayumba huku na huku, wakaimba. Mimi nikakaa sakafuni, miguu nimeinyoosha, sina wasiwasi wowote. Baadaye mwalimu akaja, akataka kuketi kando yangu. Nikaweka mkono pale.

"Samahani, mwalimu. Hapa pana mtu."