Tende za Dirishani

Tulikuwa wanne ukumbini: mimi Khadija, binti yangu Rukia, mwanawe Salma, aliyekuwa akiposwa siku hiyo, na Bi Zuhura wa Shella, shangazi yake mposaji, ambaye neno lake ndilo lingefunga posa au kuivunja.

Salma hupaka rangi visanamu vya mashetani wenye pembe, havizidi kidole gumba, vya mchezo wa vita wa mezani. Rukia alinionya mapema: "Mama, mashetani ya Salma yasionekane leo!" Nikaitika. Sikujua kwamba Salma amevipaka rangi ya kwanza, ya kahawia, akavianika sahanini dirishani. Nami bila miwani nikaona tende. Nikamwandalia mgeni pamoja na kahawa.

Bi Zuhura akatia moja kinywani.

"Bi Khadija, mbona tende ngumu hivi?"

"Za Basra hizo, mamangu," nikajitia ujuzi. "Zinyonye kwanza."

Akanyonya. Salma akajifunika uso kwa mtandio.

"Kokwa iteme hapa," nikamkingia kiganja.

Akatema, akainama, akatazama.

"Kokwa hii imeshika shoka."

Kama nimekosea mahali katika kisa hiki nisahihisheni, hasa wewe, Bi Zuhura, ambaye leo ni mkwe wangu.