Ngozi ya Fundi wa Kuchomelea

Mama mdogo wangu alikuwa anakuza ngozi. Ndivyo tulivyowajibu wageni walipouliza anafanya kazi gani hospitalini. Wageni walicheka, kisha mmoja wao akauliza kama anakuza na pembe pia. Yeye hakuona la kuchekesha. Aliweka kikombe chini na kuanza kueleza, na akishaanza kueleza hakuna aliyeondoka mapema. Mimi nimelelewa naye tangu mama yangu mzazi alipofariki, kwa hiyo maelezo hayo nayajua kama njia ya dukani.

Mtu akiungua vibaya, hubaki bila ngozi ya kutosha kujifunika. Daktari humkata kipande kidogo pale palipopona, kwapani labda, ukubwa wa stempu tu, na kumpelekea mama mdogo maabara. Yeye huzitenganisha seli za kipande hicho, chembe hai zisizoonekana kwa macho, na kuzipanda kwenye vyombo bapa vya plastiki vyenye maji ya rangi ya waridi ambayo ndiyo chakula chao. Seli huzama, hujibandika kwenye plastiki kama konokono ukutani, na huanza kuongezeka. Zikikaribia kujaa lazima zing'olewe na kugawiwa vyombo vingine, la sivyo hubanana na kudumaa. Hapo kwenye kung'oa ndipo wengi huharibu.

Seli hazing'oki kwa kuvutwa. Huoshwa kwanza, halafu humwagiwa kimeng'enya, kitu cha jamii ile ile inayosaga chakula tumboni mwetu, nacho hukata vijikamba vinavyozishikilia. Kikikaa muda mfupi mno, haziachii. Kikizidi, kinaanza kuzitafuna zenyewe. Mama mdogo alikuwa akikaa kwenye hadubini akizitazama zikijikunja na kuwa duara moja baada ya nyingine, akapiga ubavu wa chombo kwa kiganja, kofi la kumbembelezea mtoto, kisha akamimina majimaji ya damu ya kukizima kile kimeng'enya. Wenzake walimwita Mkunga. Hata nyumbani hakuruhusu mtu abandue plasta kwenye kidonda kwa kunyofoa. Alikaa nawe na pamba na maji ya uvuguvugu mpaka iachie yenyewe, hata kama umechelewa shule, na ukilalamika alikwambia wewe lalamika tu, mimi sina haraka.

Pale maabara walikuwa na vimeng'enya vya aina mbili. Cha kwanza walikiita dawa ya kutawanya. Kinazing'oa seli kwenye plastiki na pia kinaziachanisha zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikaelea peke yake, tayari kupandwa upya. Hicho alikitumia kila asubuhi ya Mungu. Cha pili waliita dawa ya kubandua, nacho hutumika siku moja tu, siku ngozi imekamilika. Hicho hukata chini peke yake. Seli zinabaki zimeshikana mikono, na ngozi inanyanyuka nzima nzima kama karatasi iliyoloa, ikawekwa juu ya kitambaa laini na kupelekwa chumba cha upasuaji. Siku za namna hiyo zilikuwa chache kwa mwaka, na siku hizo mama mdogo alirudi nyumbani akiimba.

Mwaka ule aliletwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtungi wa gesi ulimlipukia karakanani, na aliyekuwa na mabega ya kubeba geti zima akawa kidonda kuanzia shingoni hadi mapajani. Alikuwa na mama yake, mwanamke mrefu aliyejaa maneno, na huyo mama aligundua mapema kwamba ngozi ya mwanawe haiko wodini, iko maabara. Akahamia kwenye benchi la korido yetu. Nasema yetu kwa sababu nilizoea kumpelekea mama mdogo chakula cha mchana, na hao wawili niliwakuta daima wako pamoja.

"Imefika wapi?" mama wa fundi aliuliza kila siku, kama mtu anayefuatilia gauni kwa fundi cherehani.

"Inajaa, mama. Leo imejaa kuliko jana."

"Usije ukaipunja mabegani. Yule alirithi mabega ya baba yake, na baba yake alikuwa hapiti mlangoni."

"Nitaacha nafasi ya pindo," mama mdogo alimjibu, na wote wawili walicheka, huku kila mmoja akijua mwenzake amelala macho wazi.

Maana daktari wa upasuaji alikuwa amesema waziwazi. Mwili usiofunikwa ni nyumba isiyo na mlango, wadudu wataingia tu. Fundi alikuwa akipambana, lakini homa ilikuwa imeanza kupanda na kushuka, na kama asingefunikwa wiki ile, asingefika nyingine. Ngozi ilikuwa tayari wiki ile ile. Visahani vyote vya plastiki vilikuwa vimejaa, hakuna hata tundu la sindano. Mama mdogo aliniambia hajawahi kuona seli zenye nguvu namna ile, na alisema hivyo kwa fahari, kama mwalimu anayesifu mwanafunzi wake.

Asubuhi ya siku yenyewe aliweka chupa mbili kwenye maji ya uvuguvugu. Ya kubandua kwa ajili ya fundi, na ya kutawanya kwa ajili ya seli za mgonjwa mwingine ambazo zilihitaji kugawanywa siku hiyo. Chupa zinafanana, vizibo tu ndivyo tofauti. Simu ikalia kutoka chumba cha upasuaji, tumeanza kumsafisha, jiandae. Akaviosha visahani, akanyoosha mkono kwenye maji. Mkono ukachukua ile uliyoizoea kila asubuhi kwa miaka yote ile. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Watu walikuja baadaye kumtafutia sababu, mara uchovu, mara jicho baya, na mimi niliwachukia wote, kwa sababu walitaka liwe jambo kubwa wakati lilikuwa dogo kiasi kile.

Akavimwagia visahani vyote, maana ngozi hubanduliwa kwa pamoja. Akavirudisha kwenye kabati la joto, akasubiri. Alipovitoa alitegemea kuona kingo zinaanza kujikunja. Badala yake maji yalikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Alimimina majimaji ya kuzima dawa kwenye kila kisahani, mengine yakamwagika mezani. Alikuwa amechelewa. Ngozi yote, ya kifua, ya mgongo, ya mabega, ilikuwa vumbi linaloelea.

Alipiga simu mwenyewe. Daktari wa upasuaji alikuwa na fundi mezani, kalazwa usingizi, vidonda vimekwanguliwa tayari kupokea.

"Yote?" daktari aliuliza.

"Yote."

"Sawa," daktari alisema, akakata simu. Mama mdogo alisema angependa zaidi kama angetukanwa.

Mkuu wa maabara hakuwa mtu mbaya. Alimshauri amwambie yule mama kuwa ngozi imeingiwa na wadudu, jambo linalotokea kila mahali, halina mwenyewe. Mama mdogo akavua glavu, akatoka koridoni. Nilikuwa nimefika na chakula, nimekaa benchi moja na mama wa fundi, na yeye alikuwa akinisimulia jinsi mwanawe alivyovunja kitanda cha chuma utotoni ili aone kimeungwaje. Alipomwona mama mdogo, aliinuka.

"Nimekosea dawa, mama," mama mdogo alisema. "Si mashine, si wadudu. Ni mimi."

"Imekufa?"

"Haijafa. Imetawanyika. Seli zote ni nzima, ila kila moja iko peke yake. Naweza kuzipanda upya."

"Mpaka ziwe ngozi tena, muda gani?"

Mama wa fundi akageuza uso kutazama upande wa wodi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi zipande, mwanangu."

Nadhani kama asingemwita mwanangu, mama mdogo angeweza kusimama. Alikaa sakafuni pale pale, na koti lake jeupe, katikati ya njia ya watu. Mimi nilishika bakuli la chakula kama mjinga, na sijawahi kujiona sina maana duniani kama saa ile.

Alizipanda. Siku zilizofuata alikuwa wa kwanza kufungua maabara na wa mwisho kufunga, na nyumbani alikaa mezani akitazama sahani mpaka chakula kikaganda. Seli zilishika. Zilikuwa hodari kama alivyosema, zikaanza kujaa tena kutoka kingo kwenda kati. Alikuwa akiziomba, aliniambia, anaziomba kwa mdomo kabisa, kimbieni, kimbieni. Wodini walimfunika fundi kwa kila walichokuwa nacho, lakini ngozi ya mtu mwingine mwili huikataa, na bandeji ni bandeji. Homa ikapanda na haikushuka tena. Figo zikagoma. Alifariki asubuhi moja yenye jua, mama yake kamshika kidole gumba cha mguu, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa pazima pa kushika. Visahani havikuwa vimejaa hata nusu.

Hakuna aliyemwambia mama mdogo aendelee, na yeye hakusema kama anaendelea. Alizibadilishia tu seli chakula, leo na kesho yake na siku iliyofuata. Mkuu wa maabara alipita, akaona, akapita tena. Mwishowe alisema nafasi inahitajika, kuna mtoto ameungua maji ya moto. Siku ambayo mama mdogo alitakiwa kuvimwaga visahani, ngozi ya fundi ilikuwa imekamilika. Nilikuwepo, maana siku hizo nilikuwa nikimfuata kazini, sikumwamini tena kuvuka barabara peke yake. Ilikuwa nzima, laini, bila tundu, nzuri kuliko ile ya kwanza.

Mama wa fundi alikuja siku hiyo hiyo kuchukua viatu vya mwanawe vilivyobaki stoo ya wodi. Alisimama mlangoni kwetu na mfuko mkononi. Alikuwa amepungua.

"Ulizipanda?" aliuliza.

"Nilizipanda, mama."

"Nizione."

Haikuruhusiwa. Mama mdogo akamvalisha koti jeupe, akamfunga vifungo mwenyewe, akaweka kisahani chini ya hadubini na kumwonyesha pa kuweka jicho. Mama wa fundi aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mkono mmoja bado umeshika ule mfuko wa viatu.

"Hizi ni zake?"

"Ni zake. Ni yeye."

"Zinafanya nini?"

"Zinaongezeka. Zikilishwa, zinaongezeka."

"Hazijui," mama wa fundi alisema.

"Hazijui, mama."

Aliondoa jicho, akalifuta kwa mkono wa koti. Akaitazama chupa ya klorini ya kuulia seli iliyokuwa mezani karibu na visahani, imeshafunguliwa, na akaelewa bila kuelezwa. Akavua koti taratibu, akalikunja na kuliweka kitini. Nilidhani atasema hapana. Nilitamani aseme hapana, ingawa sijui tungefanya nini na hapana yake.

"Ngoja nitoke kwanza," alisema.

Mama mdogo alingoja. Tulisikia viatu vyake koridoni, kisha ngazi, kisha mlango wa chini. Ndipo aliposhika chupa na kumimina, kisahani baada ya kisahani, na ile rangi ya waridi ya maji ikapotea.